Ukikaa Kwenye Kiti, Basi ni Lako

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilipoachia: zahanati ya shirika, kikopo cha mkojo mkononi, na muuguzi amesimama mlangoni kama askari jela. Aliyechelewa na aketi, nitamrudishia kidogo.

Mimi ni Darlene Hovland, dereva wa basi la mji katika jimbo la Washington, huku kaskazini ambako mvua ya baridi haina adabu. Nimeendesha miaka kumi na tisa bila kumgusa mtu. Halafu mwezi wa pili, mchana kweupe, basi langu likapanda ukingo wa barabara na kubomoa kibanda cha abiria kituoni. Bi Tomiko Arase, bibi wa watu niliyemzoea, aliyekuwa amesimama ndani ya basi akijiandaa kushuka, akaanguka na kuvunjika mkono.

Sababu ninayo. Kwenye kiti cha nyuma alikuwepo mtu amejifunika blanketi, anachoma unga wa kulevya juu ya karatasi ya foili na kuvuta moshi wake. Moshi ule haukai nyuma kwa heshima ukimsubiri mwenyewe. Ulitembea mpaka mbele ukanikuta. Kichwa kikawa kizito, macho yakawaka, mstari wa barabara nikauona miwili, na nikafuata ule ambao haukuwepo.

Ambacho sikuwaambia wiki iliyopita ni hiki. Moshi ule haukuanzia mikononi mwangu. Nilikabidhiwa basi likiwa nao tayari, na aliyenikabidhi ni Colby, mume wa binti yangu Marit.

Sasa tuendelee.

Siku ya majibu sikutia kitu mdomoni. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba unga wa mtu mwingine utakutwa kwenye mkojo wangu. Dereva akikutwa nao hana wa kumsikiliza. Anaondoka siku ileile na leseni inamfuata nyuma.

Muuguzi akafungua bahasha, akasoma, akasema safi. Nikamkumbatia mwanamke yule bila kumwomba ruhusa. Nilishuka ngazi nikijiona msichana.

Chini nikamkuta LaVonne Batiste, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. LaVonne ni mtu wa kucheka. Siku hiyo hakucheka.

Aliniambia kwamba Pruitt, mkuu wa nidhamu, ameshayaona majibu na anatabasamu tangu asubuhi. Hoja yake ni kwamba kama ningelewa moshi, moshi ungeonekana kwenye mkojo. Haukuonekana, kwa hiyo hakukuwa na moshi. Kulikuwa na mama wa makamo aliyesinzia kwenye usukani.

"Na ningekutwa nao?" nikamuuliza.

"Ungefukuzwa kwa ulevi."

"Sijakutwa nao."

"Ndiyo maana unafukuzwa kwa uzembe."

Nilitukana. Sitayaandika hapa maana gazeti hili linaingia majumbani. LaVonne akaniacha nimalize, kisha akasema kipimo kile kilitengenezwa kuwakamata wavutaji, hakikutengenezwa kujua dereva amevutishwa nini. Lakini hilo lazima tulithibitishe, na wa kulithibitisha ni mimi.

Mnajua chama kinadai nini. Kibanda cha dereva kizibwe kuanzia sakafu mpaka dari, kiwe na hewa yake chenyewe, na dereva anayesimamisha basi kwa ajili ya moshi asihesabiwe kosa. Shirika limekuwa likijibu kwamba halijamwona dereva aliyedhurika. Tumeziba wenyewe kwa plastiki na gundi ya karatasi, wakaja wakabandua, wakasema tunachafua mali yao. Sasa dereva aliyedhurika amepatikana.

"Picha za kamera ya basi wanasema zimefutika," LaVonne akasema. "Limebaki neno lako. Eleza kila kitu tangu ulipokaa kwenye kile kiti. Madereva wote wa yadi hii wanakutazama wewe, Darlene."

Tangu nilipokaa kwenye kiti. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba wangu.

Sisi hubadilishana barabarani. Mmoja anashuka, mwenzake anapanda, abiria wala hawainui macho kwenye simu zao. Anayeshuka anataja hali ya basi. Anayepanda akishakaa, basi ni lake pamoja na uchafu wake. Sheria ya shirika inasema ukisikia moshi simama hapohapo na umpigie msimamizi redio. Sheria yetu sisi haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaishika: usipige redio mwenzako akiwa bado yuko kwenye kona. Ukipiga, swali la kwanza litakuwa aliyekukabidhi alikuwa wapi. Mwache aende zake. Fika mwisho wa njia, ndipo upige.

Sijui nani aliianzisha. Najua nani alimfundisha Colby. Ni mimi, siku nilipomtembeza njia yake ya kwanza.

Na kuna dalili tunayoisoma tangu mbali. Wakati wa baridi, basi likija madirisha yote wazi, ujue ndani kumechomwa kitu, na una nafasi ya kulikataa kabla hujakaa. Siku ile basi la Colby lilikuja madirisha yamefungwa yote. Nikapanda. Ndani mlikuwa na baridi ya jokofu la bucha. Basi lililofungwa mchana kutwa haliwi na baridi ile. Huwa nayo likifungwa sasa hivi, kituo kimoja kabla, na mtu asiyetaka ulikatae.

Na chini ya ile baridi, harufu. Plastiki iliyoungua pamoja na sukari.

Nikavuta skafu puani. Nikamuuliza Colby amenichomea nini humu ndani.

"Basi safi, Mama," akasema, akashuka akiwa amenipa kisogo.

Nilijua. Msinifanyie huruma ya kusema nilidanganywa, maana nilijua na nikakaa. Abiria wakaanza kulalamikia baridi, nikawasha hita mpaka mwisho, nikisahau au nikijifanya nimesahau kwamba hita zile huvuta hewa ya nyuma na kuja kuitema miguuni kwa dereva. Nilitaka tu kufika mwisho wa njia, ili kijana awe ameshafika kwake. Sikufika. Nilifika kwenye kibanda cha abiria.

Mtauliza kwa nini Colby hakupiga redio yeye. Alishapiga. Kuna wiki alipiga mara tatu, na msimamizi akamwambia mbele ya wenzake kwamba anatafuta pa kulala. Akaacha kupiga. Abiria mmoja akamshitaki kwa kutopiga, akaandikiwa kosa. Akapata na la pili. La tatu ni kuondoka. Ukipiga mvivu, usipopiga mkosaji. Hivyo ndivyo wanavyotulinda.

Siku moja kabla ya kikao cha nidhamu nilimkuta Colby kwenye maegesho ya yadi, anafungua gari lake. Sijawahi kumpenda kijana huyu, na yeye hajawahi kunisumbua kwa kujipendekeza. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Ulifunga madirisha," nikamwambia.

"Nilifunga."

"Ili nilipokee."

"Ulisikia harufu ukakaa, Mama. Ukikaa kwenye kiti, basi ni lako. Maneno yako hayo, si yangu."

"Nilikufundisha pia kuyaacha madirisha wazi."

"Ulinifundisha mengi," akasema. "Ulinifundisha kunyamaza. Sasa tumemvunja bibi wa watu mkono kwa kunyamaza kwako na kwangu. Umefurahi?"

Kama si mvua ningemzaba kofi. Nikamuuliza kesho atasema nini akiitwa. Akaingia garini, akafunga mlango, akashusha kioo nusu.

"Nitasema yangu. Wewe sema yako."

Akawasha gari akanirushia maji ya dimbwi mpaka magotini. Nikabaki nimesimama pale. Nilimwelewa hivi: kijana atakwenda kuapa kwamba alinipa basi safi, na ushahidi wangu wote nitautafuna mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikuwa nimekiozesha binti.

Nilikwenda nyumbani kwao jioni ileile nikiwa nimeazimia kumwambia Marit amebeba mimba ya mtu gani. Nilibeba supu ya chaza, maana sendi mikono mitupu hata ninapokwenda kugombana.

Marit alikuwa amelala kwenye kochi, miguu imeinuliwa juu ya mito, imevimba. Mimba ilikuwa mwezi wa saba. Alinieleza kwamba presha imepanda tena, daktari amemkataza ngazi, na wiki ijayo huenda wakamlaza mpaka siku ya kujifungua. Aliyasema taratibu, kama anayenituliza mimi. Halafu akasema neno lililonimaliza: ashukuriwe Mungu bima ya Colby inalipa yote.

Bima ya Colby. Colby akifukuzwa, bima inaondoka naye.

"Na yeye Colby hali chakula, halali usingizi," Marit akasema. "Anatembea tu humu ndani. Mama, mna nini nyinyi wawili?"

Nikamwambia anywe supu kabla haijapoa. Nikaosha vyombo vyake, nikafuta meza iliyokuwa safi, nikaondoka bila kusema nilichokijia.

Njiani nikaamua. Mimi nimeshaendesha, nimeshalea, nyumba yangu ndogo nimeshamaliza kuilipia. Wao ndio wanaanza. Kesho nitasema sikusikia harufu yoyote nilipokabidhiwa basi. Nitaonekana mzembe na nitaondoka, lakini Colby atabaki na binti yangu atajifungulia hospitali akiwa na bima. Kuhusu madereva wenzangu niliokuwa nawatupa, sikutaka kufikiri. Nawaambia kama lilivyokuwa. Niliwafikiria, nikawatupa.

Kikao kilikuwa asubuhi, ofisi ya juu, yenye dirisha linalotazama mabasi yetu. Pruitt ni mtu mpole. Watu wa namna hii ndio nawaogopa. Alinivutia kiti, akanimiminia kahawa, akaniuliza hali ya mgongo wangu. LaVonne aliketi kulia kwangu, amevaa koti zuri la siku ya kushinda.

"Bi Hovland," Pruitt akasema, "harufu ya moshi uliisikia lini kwa mara ya kwanza?"

"Karibu na ile kona. Kabla tu ya ajali."

Mguu wa LaVonne ukakanyaga wangu chini ya meza.

"Si wakati unakabidhiwa basi?"

"Hapana. Nilikabidhiwa basi safi."

"Na aliyekukabidhi hakukuambia lolote?"

"Hakuwa na la kuniambia."

LaVonne akaomba tutoke tukazungumze. Pruitt akamwambia kwa upole kwamba shahidi hajamaliza. Akanigeukia akauliza kama ninakubali kwamba moshi wa kona moja hauwezi kumlevya mtu mzima. Nikakubali. Akauliza kama basi lilipanda ukingo kwa kukosa kwangu uangalifu. Nikakubali hilo pia. Upande wa kulia nilisikia LaVonne akishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyeona nyumba yake ikiungua.

Kisha Pruitt akageuza kompyuta yake ikatutazama.

"Mlisema picha zimefutika," LaVonne akasema.

"Tulidhani zimefutika," Pruitt akajibu.

Nikamwona Colby. Anatembea katikati ya viti, mkono wa sweta mdomoni, anafunga dirisha moja baada ya jingine. Nyuma kabisa blanketi linatikisika na moshi unapanda. Kisha basi linasimama, mlango unafunguka, napanda mimi. Nasimama. Navuta skafu puani. Na sauti yangu mwenyewe ikatoka mle, imekwaruza lakini ni yangu, inauliza: "Colby, umenichomea nini humu ndani?"

"Basi safi, Mama."

Halafu mwanamke yule kwenye picha akatazama nyuma, akatazama mlangoni, akakaa kwenye kiti.

Pruitt akazima, akanywa kahawa yake.

Alieleza kwamba uzembe, hata mtu akitishiwa kufukuzwa, ni kosa linaloweza kujadiliwa na chama. Mtu husimamishwa, hurudishwa darasani, huendelea. Uongo mbele ya kikao haujadiliwi. Mtu huondoka, na chama hakina pa kukata rufaa. Alilisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja ratiba.

"Nitamwambia Colby aje," nikasema. Sijui nilikuwa namwita aje kufanya nini.

"Colby ameshakuja, Bi Hovland. Nilipofika kazini nilimkuta amekaa pale kwenye ngazi."

Nikageuka kuutazama mlango.

"Amesema yote," Pruitt akaendelea. "Kwamba alilijua basi lina moshi, kwamba alifunga madirisha ili ulipokee, kwamba ulimuuliza na yeye akakudanganya. Amesema kama kuna mtu wa kuondoka ni yeye. Akavua kitambulisho, akakiweka hapa." Akaonyesha kona ya meza. Kilikuwepo. Nilikuwa nimeegemeza kiwiko karibu nacho muda wote. "Kwa maelezo yake, wewe ulikuwa dereva aliyedhurika akiwa kazini. Sikulipenda hilo. Lakini nilikuwa na picha, nina mtu amekiri, na wewe umekuja kuthibitisha. Nilikuwa nimeshajiandaa kushindwa."

"Na vibanda vya madereva?" LaVonne akauliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Vibanda tungevizungumza. Ningefanya nini?" Pruitt akafunga kompyuta. "Sasa nina mashahidi wawili wa moshi mmoja, na mmoja wao anasema haukuwepo alipokabidhiwa basi."

LaVonne akasogeza kiti chake. Hakukisogeza sana, kiasi cha mtu kupitisha mkono, lakini alikisogeza kutoka kwangu.

Nawaambia, nimewachukia watu wengi tangu hadithi hii ianze. Nimemchukia mvuta unga wa nyuma, msimamizi mwenye maneno machafu, Pruitt na kahawa yake. Nimemchukia Colby kuliko wote. Na kumbe wakati ananirushia maji ya dimbwi alikuwa ameshaamua kunilipia, ila hakutaka kunipa raha ya kujua.

"Nakuuliza mara ya mwisho, kisha naandika," Pruitt akasema. "Harufu uliisikia lini?"

Nikisema kweli, nimekiri kwamba nimedanganya, nafukuzwa, na Colby ameacha kazi bure. Nikishikilia uongo, Colby ndiye mwongo, kwenye karatasi ya Pruitt hakuna moshi, na madereva wenzangu waendelee kuuvuta. Nilitafuta njia ya tatu mezani pale kama mtu anayetafuta miwani. LaVonne akaninong'oneza niseme kweli. Hakuniita jina.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

Alikuwa Marit. Binti yangu aliyekatazwa ngazi alikuwa amezipanda zote, mkono kiunoni, anahema, uso umevimba na machozi yanamtoka, na anacheka. Nyuma yake, kwenye korido, nilimwona Colby amesimama bila kitambulisho kifuani, amejibanza ukutani kama aliyefukuzwa darasani.

"Colby ameniambia kila kitu kwenye gari, kwamba ameacha kazi ili wewe ubaki," Marit akasema. "Ningekaaje kule chini? Mama, na mimi siku zote nikidhani mnachukiana."

Akaja akanikumbatia shingoni kwa nyuma, tumbo lake likanigusa mgongo, na mtoto akapiga teke. Kisha akainua uso kumtazama Pruitt.

"Mama amerudishiwa basi lake, siyo?"

Pruitt akachukua kalamu, akanitazama, akasubiri mimi ndiye nimjibu binti yangu.